Mikono ya Mama Nafula

Kabla ya kuwasha redio, pasha mikono yako joto. Asubuhi za Eldoret mnazijua. Mzee aliyepoteza kumbukumbu akiguswa na mkono wa baridi hajui kwamba ni wewe umetoka kuosha vikombe. Anajua tu kwamba kitu baridi kimemshika, na siku yake imeharibika hata kabla ya chai. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoandika katika daftari langu la kwanza, na mpaka leo sijapata la kulitangulia.

Nawaandikia ninyi mnaovaa aproni za kijani sasa pale kwenye kituo cha kutunza wazee mchana, mliobaki nao tangu mgongo wangu uliponikatalia kazi. Mliniomba niwaachie ile siri ya kuwatuliza wazee kwa muziki. Siri hakuna. Kuna madaftari kumi na moja, na kurasa zake nyingi ni makosa. Nitawapa makosa mawili, moja dogo na moja kubwa.

Sikusomea kazi hii. Niliajiriwa kukata nyasi na kufungua geti. Nilikulia Burnt Forest kwenye viazi. Baada ya zile ghasia za uchaguzi tukahamia Yamumbi, nami nikawa mtu wa kushika kazi yoyote iliyotokea. Siku moja nilikuwa nimekaa kando ya veranda ya kituo nikinoa panga kwa jiwe, polepole, huku nikivumisha wimbo wa kanisani bila maneno. Bibi mmoja niliyekuwa nimeambiwa kwamba hasemi kabisa akaingia na sauti ya pili. Maneno yote anayo, beti zote tatu, hakukosea mahali. Nikaacha kunoa. Naye akanyamaza. Msimamizi wetu, Madam Chebet, akatoka ofisini mbio.

"Ni wewe umemfanya aimbe?"

"Mimi nanoa panga tu, Madam."

"Basi noa tena."

Nikanoa mpaka panga likabaki jembamba kama kisu cha jikoni. Kesho yake nikapewa aproni. Vitabu nilivitafuta mwenyewe, vile vya wauguzi vinavyouzwa vikiwa vimetumika, nikavisoma na kamusi kando, sura moja kwa wiki. Jikoni wakaanza kuniita Mwalimu, kwa kunicheka, na jina likakwama.

Vitabu vilinifundisha jambo moja la kweli: tafuta nyimbo ambazo mzee alizipenda akiwa kijana, kabla hajafika miaka thelathini. Hizo hukaa chini kabisa, na maradhi huzifikia mwisho. Hapo ndipo nilipofanya kosa dogo.

Mzee Kiptoo alikuwa mkulima wa mahindi. Alikuwa amesahau jina la mwanawe ambaye humleta kituoni kila asubuhi. Nikamuuliza huyo mwana baba yake aliimba nini ujanani. Akacheka.

"Zake kubwa ni za kutahiriwa, Mwalimu. Lakini hizo siwezi kukuimbia, na wewe hata usimwombe."

Mimi na kitabu changu tulijua zaidi. Utotoni kule Burnt Forest nilikuwa nimesikia kipande cha wimbo kama huo kikitoka shamba la jirani, nikakishika kwa masikio bila kujua maana yake. Basi nikakaa karibu na Mzee Kiptoo, nikavumisha kile kipande. Mgongo wake ukanyooka. Akafungua kinywa, ikatoka sauti nzito ambayo sikujua kwamba imo ndani ya kifua kile. Nikatazama saa yangu, nikashika kalamu. Mara Atieno, mpishi wetu, akaingia na sinia la uji. Mzee akafunga mdomo katikati ya neno. Akangoja. Atieno akagawa vikombe, akamsalimia, akamwuliza kama anataka sukari, mzee kimya. Atieno akatoka, mlango ukafungwa, na Mzee Kiptoo akaendelea kuanzia palepale alipolikata lile neno.

Jina la mwanawe lilikuwa limekwenda. Sheria kwamba mwanamke asisikie wimbo ule haikuwa imekwenda. Nilikaa pale kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya matope.

Alipomaliza akanigeukia. "Wewe ni wa rika gani?"

Mimi si wa rika lolote la kwao. Akageuza kiti chake kikaelekea ukuta, na hakuniimbia tena wimbo ule hata siku moja. Katika daftari niliandika: wimbo una wenyewe, usiuibe. Nikadhani sasa nimejua heshima. Bado.

Mama Nafula aliletwa na bintiye, Metrine, karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Walikuwa wawili tu, wakikaa chumba cha kupanga mtaa wa West Indies, hapahapa Eldoret. Ndugu wengine wote walikuwa upande wa Bungoma, na nyumba yao ya huko kijijini haikuwa na mtu. Fomu yetu ya kupokea mzee ilikuwa na mstari mmoja wa kazi ya zamani. Metrine akasema, "Alifanya kiwanda cha nguo." Nikaandika: kiwandani. Mstari ukajaa, nami nikaridhika.

Mama Nafula hakusema neno. Mikono yake ndiyo haikutulia. Alikuwa akikutanisha vidole viwili vya shahada, ncha kwa ncha, kisha akivitenganisha ghafla, halafu akishusha kiganja cha kulia kwa nguvu kama anayefunga kifuniko. Mara kumi, mara ishirini. Wakati huohuo mdomo wake ukifunguka na kufungika, mpana, bila sauti. Niliandika: mikono haitulii, anatafuna hewa.

Nikamwekea nyimbo za kanisa lake. Mikono ikazidi. Nikamwekea nyimbo za kwao alizozichagua Metrine, zile za harusi. Ikazidi. Nikasoma mahali kwamba mgonjwa wa namna hii hutulizwa kwa kushikwa mikono. Basi nikawa naipasha joto mikono yangu, mnaona, kama nilivyowaelekeza hapo juu, nakaa mbele yake, naishika yote miwili kwa upole, naiweka mapajani mwake. Akiivuta, nami naishika. Miezi minne.

Kisha akaanza kupiga watu. Alikuwa akisimama ghafla, akishika njia ya mlangoni, na yeyote aliye mbele yake anasukumwa. Alimpiga Atieno kofi, uji ukamwagika. Alimwangusha Mzee Kiptoo, kifundo cha mkono kikavimba. Madam Chebet akaniita.

"Mwalimu, nina wazee kumi na wanane hapa. Akivunja mtu mguu, nitaambia nini watoto wake?"

"Nipe muda kidogo, Madam."

"Nimekupa. Ijumaa saa nane Metrine anakuja, tutazungumza. Nikiona hakuna njia, anamchukua."

Metrine nilimkuta getini jioni ile. Alikuwa ameshajua anachoitiwa.

"Nikikaa naye nyumbani kazi inaisha, na mimi ndiye kila kitu. Nikimrudisha kijijini, ni kumfungia mlango kwa kufuli. Unajua jirani yangu alinishauri nini? Nimfunge mikono na leso asubuhi, nimwache na chai. Alisema hata hatajua." Akatazama barabarani. "Hata jina langu hajalitaja mwaka mzima, Mwalimu. Lakini kumfunga, mimi?"

Sikumwambia kwamba nami nilikuwa nikimfunga, ila kwa vidole.

Nilifanya ninachojua kufanya. Nikachukua rula, nikachora jedwali, nikaandika kila siku aliyosukuma mtu na saa yake. Zote ziliangukia kati ya saa saba na nusu na saa nane na dakika kumi. Hakuna hata moja ya asubuhi. Nikasema ni njaa, nikawahisha chakula chake. Hapana. Nikasema ni jua la dirishani, nikaweka pazia. Hapana. Nilikuwa na jedwali zuri sana lisilosema kitu.

Alhamisi, siku moja kabla ya mkutano, cherehani yetu ya miguu ikagoma. Ni ile tunayoshonea foronya na vile vitambaa vya vifungo ambavyo wazee hupenda kuvipapasa. Nikamwita Mzee Odhiambo, fundi wa cherehani mwenye kibanda karibu na soko. Akaja mchana na mkoba wake, akaifungua pale veranda, akatikisa kichwa.

"Nani alishika hii mashine?"

"Mimi, Mzee."

"Nilijua. Umeikaza kama unapalilia viazi."

"Ilikuwa inalegea."

"Hata wewe ungekazwa hivi shingoni ungegoma."

Akalegeza hapa, akatia mafuta pale, akapitisha uzi, akaanza kukanyaga. Tak-tak-tak-tak, sawasawa, bila kuharakisha. Mama Nafula alikuwa ameketi kama hatua tano kutoka pale. Akainua kichwa. Vidole viwili vya shahada vikakutana, vikaachana, kiganja kikashuka.

Mguu wa Mzee Odhiambo ukasimama. Nilikuwa naangalia, na nawaapia hakuamua kuusimamisha. Ulisimama wenyewe. Akainama kutazama uzi. Uzi ulikuwa mzima. Akainua uso polepole, akamtazama mama.

"Huyu mama alifanya kazi wapi?"

"Kiwandani."

"Kiwandani wapi? Mkate ni kiwanda. Sabuni ni kiwanda."

"Cha nguo."

"Upande gani?"

"Sijui, Mzee. Sikuuliza."

"Ni wa kufuma. Ananiambia uzi umekatika, nisimamishe mashine." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Mimi nilitengeneza hizo mashine miaka mingi kabla kiwanda hakijafungwa. Mle ndani ungepiga kelele mpaka mishipa ya shingo itoke, na jirani yako asisikie kitu. Watu waliongea na mikono. Na midomo, unafungua sana mwenzako asome. Fundi asiyejua mikono ya hao akina mama angeweza hata kukatwa kidole."

Akamgeukia. Akainua mkono, akazungusha vidole kama anayepiga fundo dogo, kisha akapitisha kiganja hewani kwa ulaini. Uzi umeungwa, endelea.

Mikono ya Mama Nafula ikashuka mapajani. Ikakaa. Nikatazama saa yangu kwa sababu ndivyo nilivyo. Ilitulia dakika kumi na mbili. Tangu aletwe kwetu haikuwa imewahi kutulia dakika moja akiwa macho.

Miezi minne alikuwa akiniambia uzi umekatika, nguo inaharibika, simamisha. Na kila aliposema, mimi nilimshika mikono.

Baada ya zile dakika kumi na mbili mdomo wake ukaanza tena kufunguka, ule ambao niliuandikia kwamba unatafuna hewa. Mzee Odhiambo akasogeza kiti, akasoma.

"Anauliza saa."

"Anauliza nini?"

"Saa, saa! Imebaki saa ngapi shifti iishe." Akamwonyesha kwa vidole. Mama akajibu kwa mdomo, haraka. Mzee akanigeukia. "Anasema kuna mtoto getini."

"Shifti ya asubuhi ilikuwa inaisha saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

Nikafungua daftari, nikaweka kidole juu ya jedwali langu. Mzee Odhiambo akavaa miwani, akashuka na safu ya saa kutoka juu mpaka chini. Akavua kofia.

"Wacha!" akasema taratibu.

Kumbukeni veranda ile haina saa ya ukutani. Iliyokuwapo ilikufa zamani. Huyu ni mtu aliyekuwa hajui mwaka, hajui mji, anapewa kijiko anakiangalia kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Na bado saa nane ilikuwa ikimfikia kila siku, pasipo kengele. Nimesoma vitabu vyote nilivyoweza kupata kuhusu jambo hilo. Yapo maelezo. Niliyasoma yote na mshangao wangu haujapungua hata kidogo.

"Na nyimbo?" nikamuuliza. "Mle ndani waliimba?"

"Ai! Sana. Hakuna anayesikia. Unaangalia mdomo wa mwenzako, na mashine ndiyo ngoma."

Nikamwomba akanyage cherehani bila uzi, mwendo wa mashine ya kufuma kadiri anavyoukumbuka. Nikachukua mkebe wa mahindi makavu, nikautikisa kwa mapigo yaleyale. Nikakaa mbele ya Mama Nafula, mikono yangu mbali naye, nikaanza wimbo wa kanisa lake bila sauti, kwa midomo tu, nikiifungua wazi kama mtu anayemwonyesha daktari koo. Akanitazama kinywani. Midomo yake ikafuata. Mstari wa kwanza, wa pili. Mstari wa tatu sauti ikatoka. Haikuwa nyembamba ya kizee. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuimba mahali ambapo hakuna wa kumsikia, kwa hiyo hajawahi kuipunguza. Madirisha yalilia. Atieno alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama kama mti. Mzee Kiptoo akageuza kiti chake kutoka ukutani.

Madam Chebet alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimeona. Lakini jana alimpiga mtu, Mwalimu, na kesho ni kesho." Alikuwa na haki. Wimbo mmoja hauwalindi watu kumi na wanane.

Jioni nikampigia Metrine simu. Nilimuuliza ikiwa utotoni alikuwa akimngoja mama yake kiwandani.

"Kila siku. Nilikuwa nikitoka shule napitia huko."

"Ulisimama wapi?"

"Ng'ambo ya barabara. Askari hakutaka watoto karibu na geti."

"Akitoka alikuwa anakufanyia ishara gani?"

Akafikiri. "Ananipungia tu, nadhani. Sikumbuki, Mwalimu."

"Kesho fika saa saba na nusu, lakini usiingie ndani. Simama ng'ambo, pale kwa mama wa mahindi ya kuchoma."

"Nisimame barabarani kama nani?"

"Kama zamani."

Ijumaa nilimwomba Mzee Odhiambo arudi. Saa nane kasoro dakika ishirini, Mama Nafula akasimama. Nilikuwa nimewaambia wote: asizuiwe. Mzee Odhiambo akamwashiria kwamba shifti imeisha. Atieno akajibana ukutani na sinia lake. Mama akapita katikati ya viti, akampita Mzee Kiptoo bila kumgusa, akashuka ngazi tatu za veranda akitangulia. Nikamfuata hatua tatu nyuma na mikono yangu mfukoni. Madam Chebet alikuwa nyuma yangu. Nilisikia viatu vyake.

Nikafungua geti, kazi niliyoajiriwa.

Metrine alikuwa ng'ambo, na shati la duka na mkoba begani, mwanamke mzima mwenye mvi za kwanza. Mama Nafula akasimama ukingoni mwa barabara. Akamtazama. Akaweka kiganja bapa kifuani, kisha akashusha vidole viwili kuelekea chini.

Metrine akaanza kuvuka kuja kwetu. Mama akarudia ishara ile, safari hii kwa ukali. Metrine akarudisha mguu. Nikaona uso wake ukibadilika, na mkono wake ukapanda wenyewe, kama mguu wa Mzee Odhiambo ulivyosimama wenyewe, ukatua kifuani. Baadaye aliniambia maana yake: nimekuona, kaa hapohapo, usivuke. Na lile jibu la mtoto: nimekaa.

Lori likapita. Mama Nafula akatazama kulia, akatazama kushoto. Mimi nikasimamisha bodaboda mbili, mmoja akinitukana vizuri sana. Mama akavuka. Akamshika Metrine kifundo cha mkono, kama unavyomshika mtoto wa darasa la pili, akamvusha kumleta upande wetu. Getini akasimama, akamtazama usoni.

"Umekula?" akasema kwa sauti.

"Bado, Mama," Metrine akajibu.

Mkutano haukufanyika. Madam Chebet alivua miwani yake, akamgeukia Atieno, akamwambia alete sahani mbili.

Metrine aliomba duka lihamishe saa yake ya chakula ianze saa saba na robo, wakakubali. Mama Nafula hakumpiga mtu tena, isipokuwa mara moja wakati mgeni alisimama mlangoni saa hiyo, na hilo si kosa lake. Hakupona. Hakuna anayepona. Jina la Metrine bado hajalitaja. Mnaona wenyewe, ishara zake siku hizi zimekuwa ndogo, na ile ya uzi mara nyingine anaianza asiimalize. Mkiiona nusu, mjibuni nzima. Pigeni fundo, pitisheni kiganja.

Ile fomu niliibadilisha. Mstari wa kazi ya zamani sasa ni ukurasa mzima, na swali la kwanza ni mikono yake ilifanya nini, mahali gani, kuna kelele gani. Mkulima alipanda na nani. Dereva alishika usukani wa nini. Ujazeni kabla hamjagusa redio, na msikubali jibu la neno moja, hasa likitoka kwenu wenyewe.

Siku moja itafika saa yake na Mama Nafula hatainuka. Msimlazimishe. Mpaka hapo, saa nane kasoro dakika ishirini, ondokeni njiani. Mmoja wenu afungue geti. Mikono yenu iwe na joto, na iwe mfukoni.